Utando Kando ya Galaksi: Ni Mkondo wa Nyota, au Picha Inakudanganya?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nina darubini ya lenzi ya inchi 5 na kamera isiyo ya rangi. Nimepiga picha galaksi ya NGC 5907 kwa usiku nne, jumla saa 14, mahali penye giza zuri. Nikiikoleza picha mpaka mwisho naona upinde hafifu upande mmoja wa galaksi, na nikikaza macho naona upinde wa pili, mwembamba zaidi, umejikunja kama pete, sawa na ule ulio kwenye picha maarufu ya mtandaoni. Je, nimeuona kweli mkondo wa nyota, yale mabaki ya galaksi ndogo iliyoraruliwa? Na hao wanaotafuta mikondo mipya kwenye galaksi nyingine wanafanyaje, maana mimi nimehangaika na huu mmoja ambao tayari unajulikana? Darubini ndogo bado ina nafasi?

JIBU: Ndugu yangu, upinde wa kwanza naamini umeuona. Upo, umeshapigwa picha na darubini za kila ukubwa, na saa 14 chini ya anga jeusi zinatosha kuutoa hata kwa lenzi ya inchi 5. Hongera, si kazi ndogo. Upinde wa pili ndio unaonitia wasiwasi, na kilichonishtua ni maneno yako mwenyewe: "nikikaza macho" na "sawa na ule ulio kwenye picha maarufu". Kwa bahati umeshika galaksi ambayo hata watu waliobobea imewapa tabu hiyohiyo.

NGC 5907 iko umbali wa miaka ya nuru takriban milioni 50 na tunaiona kwa ubavu, kama sahani iliyoshikwa usawa wa macho. Mwaka 1998 timu ya Shang na wenzake ilitangaza kuona kipande cha pete hafifu kando yake. Miaka kumi baadaye, 2008, David Martínez-Delgado na wenzake, akiwemo mpiga picha wa ridhaa R. Jay GaBany, walichapisha picha iliyopigwa kwa darubini ya nusu mita tu. Ilionyesha mizunguko miwili iliyofumana kuizunguka galaksi, na hesabu za kompyuta zikaonyesha jinsi galaksi kibete moja iliyoraruliwa inavyoweza kuchora umbo kama hilo. Picha ilipendeza sana, ikazunguka kila mahali. Ndiyo hiyo uliyoiona. Kisha mwaka 2019 Pieter van Dokkum na wenzake waliipiga galaksi hiyohiyo kwa mtambo wa Dragonfly, uliounganishwa kwa lenzi nyingi za kamera. Wakapata mkondo mmoja mrefu uliopinda. Mzunguko wa pili hawakuuona. Mwaka huohuo timu nyingine, kwa darubini ya mita 1.4, nayo iliutafuta mzunguko wa pili ikaukosa.

Sisemi haya kumchongea mtu. Kazi ya 2008 ndiyo iliyofungua macho ya wengi kwamba darubini ndogo inaweza kuona vitu hivi, na mkondo wenyewe ni wa kweli. Ila ona kilichotokea kwako: umeambiwa kuna pete mbili, ukazitafuta mbili, ukazipata mbili. Jicho likishapewa ramani, litajaza mapengo kwa chembechembe zozote litakazokutana nazo. Katika kazi hii, kuona utando ni sehemu ndogo. Inayomaliza miezi ni kuthibitisha kwamba huo utando si kitu kingine.

Kabla ya kufika huko, tukubaliane tunatafuta nini. Chukua galaksi kibete inayozunguka galaksi kubwa. Upande wake ulio karibu na ile kubwa unavutwa zaidi kuliko kitovu chake, na upande wa mbali unavutwa pungufu ya kitovu. Ni kanuni ileile inayofanya bahari ijae na kupwa: kinachofanya kazi si mvuto wenyewe, ni tofauti ya mvuto kati ya upande huu na ule. Bahari ikipwa hujaa tena, lakini nyota zikishang'oka hazirudi. Hutokea kwenye milango miwili, mmoja unaoielekea galaksi kubwa na mwingine wa nyuma. Zilizotokea mlango wa ndani hushika njia fupi zaidi, zikatangulia. Zilizotokea nje huachwa nyuma. Baada ya mamia ya mamilioni ya miaka kile kibete kina mkia mbele na mkia nyuma, na mikia hiyo inafuata karibu njia ileile kilikopita. Kibete kikitumbukia karibu moja kwa moja kuelekea kitovu badala ya kuzunguka, nyota zake huenda na kurudi kama bembea, zikarundikana kwenye ncha za safari zao na kuchora mapindo kama magamba. David Malin alizionyesha picha za magamba hayo kwenye galaksi nyingi za duaradufu miaka ya 1980, enzi za sahani za kioo, kwa ufundi wa chumba cha giza uliotoa mwanga ambao wengine hawakujua kama umo kwenye sahani zao.

Na hili si jambo la galaksi za mbali tu. Galaksi yetu wenyewe inameza kibete cha Sagittarius, kilichogunduliwa mwaka 1994 na Ibata, Gilmore na Irwin, na mkondo wake umeizunguka anga nzima.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi hupotea. Anga la usiku lina mwanga wake hata mahali penye giza la kweli: magnitudi 22 hivi kwa kila sekunde mraba ya tao, yaani kijipande kidogo sana cha anga. (Magnitudi ni kipimo cha mng'ao, na namba ikipanda, mwanga umepungua.) Mikondo inayotafutwa siku hizi iko kwenye 27, 28, hata 29. Magnitudi tano ni mara mia, kwa hiyo kutoka 22 hadi 28 ni tofauti ya mara 250. Tushuke kwenye pikseli moja ya kamera yako. Tuseme katika fremu moja imekusanya elektroni 1,000 za mwanga wa anga. Mkondo wa magnitudi 28 umeongeza hapo elektroni nne. Nne tu. Mtikisiko wa kawaida wa mwanga, ule unaoitwa kelele, kwa elektroni 1,000 ni kama 32, kwa hiyo hizo nne zimezama kabisa. Lakini mkondo hauishii kwenye pikseli moja. Umetandaa. Ukichukua wastani wa pikseli 10,000, yaani mraba wa 100 kwa 100, mtikisiko unashuka hadi karibu 0.3, na elektroni zako nne zinasimama wazi mchana kweupe.

Umeona? Mwanga unatosha, tena ndani ya fremu moja. Kilichobaki ndicho kigumu. Zile picha za ulinganishi, flati, zinazopigwa kwenye uso wenye mwanga sawa ili kusahihisha tofauti za pikseli na lenzi, zikikosea kwa asilimia moja tu, zimeongeza au kupunguza elektroni kumi. Kosa lako ni mara mbili na nusu ya kitu unachokitafuta, na halipungui kwa kuongeza saa. Unaweza kupiga saa 14, ukapiga 140. Kelele itashuka na kosa la flati litabaki palepale, sasa likionekana safi zaidi, lina umbo zuri, na linakuita. Ndiyo maana nikiletewa picha, swali langu la kwanza ni flati zilipigwaje. Saa naziuliza baadaye.

Na kwa anga la mjini lenye magnitudi 18, ambalo linang'aa mara 40 zaidi, mkondo huohuo unakuwa sehemu moja kati ya 10,000 ya mwanga wa anga. Hapo sina ushauri zaidi ya kuhama.

Hesabu hiyo ina upande wa neema pia. Mng'ao wa kitu kilichotandaa, kwa kila sekunde mraba ya tao, haubadiliki kwa umbali. Mkondo ukiwa mbali mara mbili, nyota zake zinafifia mara nne, lakini zinabanana kwenye eneo lililo dogo mara nne, mambo yanabaki yaleyale. Kwa vitu vya namna hii kipenyo cha kioo si kila kitu. Uwiano wa fokasi (urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo) na unadhifu wa mwanga ndani ya darubini vinabeba uzito mkubwa. Roberto Abraham na van Dokkum walipotengeneza Dragonfly hawakununua kioo kikubwa. Walikusanya lenzi za kamera za milimita 400, aina ambayo wapiga picha wa michezo hubeba uwanjani, kwanza chache, baadaye 48, zote zikitazama mahali pamoja kama jicho la kereng'ende. Sababu yao ilikuwa mtawanyiko wa mwanga. Kioo kikubwa cha darubini ya kawaida, pamoja na vyuma vinavyoshikilia kioo cha pili mbele yake, hutawanya sehemu ndogo ya mwanga wa kila nyota mbali sana na nyota yenyewe. Macho hayatambui, lakini kwenye magnitudi 29 huo mtawanyiko ni ukungu unaofunika kila kitu. Lenzi yako ya inchi 5 haina vyuma hivyo njiani. Hilo ni jambo jema.

Sasa mitego, kwa mpangilio wa jinsi ilivyonisumbua mimi.

Ulio mbaya kuliko yote ni mwangwi wa mwanga ndani ya vifaa. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na upinde mzuri kando ya galaksi moja, umeonekana usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu, mahali palepale. Nikaanza kuandika ripoti. Mwenzangu mmoja akaniuliza swali moja tu: "Kamera uliigeuza?" Sikuigeuza. Usiku wote mitatu ilikaa mkao mmoja. Nikarudi, nikaizungusha nyuzi 90, nikapiga tena saa sita. Upinde ukatoweka pale ulipokuwa, ukaibuka utando mwingine upande usiokuwa na kitu hapo awali. Ilikuwa nyota angavu, nje kabisa ya fremu, inayogonga ukingo wa kishikio cha filta na kurusha mwanga wake juu ya kihisi. Usiku mitatu ilikubaliana kwa sababu mitatu yote ilirudia kosa lilelile. Tangu hapo sihesabu kitu kuwa kimethibitishwa mpaka kamera iwe imegeuzwa, na ikiwezekana darubini nyingine kabisa iwe imekiona.

Mtego wa pili ni programu zetu wenyewe. Kila mtu hutumia kitufe cha kuondoa mwanga wa anga usio sawa, na kitufe hicho hakijui mkondo ni nini. Kinachora uso laini unaopita juu ya picha kisha kinautoa. Uso huo ukiwa na uhuru wa kujipinda kuliko ukubwa wa mkondo, utaujumlisha mkondo kama sehemu ya anga na kuufuta. Na ukiwa umechorwa vibaya karibu na galaksi, unafanya kinyume: unaumba mkondo ambao haukuwepo. Kuna alama ya kukusaidia. Ukiona galaksi imezungukwa na mfereji mweusi kuliko anga la mbali, jua programu imekula mwanga wa pembeni. Nje ya mfereji huo kwa kawaida kuna mgongo hafifu unaong'aa, na huo mgongo, jamani, una umbo la upinde. Sina takwimu, lakini kwa picha nilizoletewa, huu ndio "mkondo" unaoongoza. Hata wenye darubini kubwa wamepata tabu hii: programu nyingi za kuchakata picha za anga ziliandikwa kwa ajili ya watu wanaotafuta nyota na galaksi ndogondogo, ambao kwao utando wowote ni uchafu wa kupangusa.

Kwa picha yako, fanya hivi. Tumia uso rahisi kabisa, mteremko ulionyooka na si zaidi, na kabla ya kuuchora ifunike galaksi pamoja na eneo pana kuizunguka, mara nne au tano ya urefu wake, na nyota zote angavu. Kama upinde wa pili upo, utabaki. Kama ulikuwa zao la programu, utaondoka nao.

Mtego wa tatu uko angani kweli, na ndio unaoheshimika. Ni vumbi la galaksi yetu wenyewe. Juu na chini ya Njia ya Maziwa yametanda mawingu membamba ya vumbi yanayoakisi mwanga wa nyota zetu zote kwa pamoja. Allan Sandage alionyesha mfano wake mwaka 1976, na setilaiti ya IRAS, iliyopima anga kwa mwanga wa infraredi mwaka 1983, ikaonyesha kwamba yametapakaa karibu kila upande. Kwenye picha mawingu hayo ni nyuzi, mapindo, utando uliokunjika: sura ileile ya mkondo. Halton Arp alitangaza mwaka 1965 pete hafifu kando ya galaksi ya M81, na kwa zaidi ya miaka arobaini ilihesabiwa kuwa mabaki ya mgongano wa M81 na jirani zake. Mwaka 2010 wachunguzi walipoilinganisha na ramani za infraredi wakaona kwamba sehemu kubwa ya mwanga wake unatoka kwenye vumbi lililo mbele yetu, ndani ya galaksi yetu, halihusiani na M81 hata kidogo.

Kinga ni kuangalia ramani za vumbi za IRAS na za setilaiti ya Planck, ambazo ziko wazi kwa kila mtu. Utando wako ukifuata utando wa infraredi, kesi imekwisha. Lakini usikimbilie kushangilia ramani ikiwa safi, kwa sababu haioni kitu kidogo kuliko dakika nne au tano za tao, na nyuzi za vumbi huwa nyembamba kuliko hapo. Kinga ya ziada ni rangi: vumbi linaloakisi halina mchanganyiko wa rangi sawa na nyota kuukuu za mkondo, na ukiwa na filta tatu zilizopimwa vizuri unaweza kuvitenganisha. Kwa NGC 5907 una bahati, eneo lake lina vumbi kidogo sana. Ukienda M81 au M82 usijidanganye.

Umeuliza wenzetu wanatafutaje. Kwa galaksi zilizo karibu sana, hawatafuti utando hata kidogo. Wanahesabu nyota mojamoja. Majitu mekundu, yaani nyota zilizozeeka zikavimba, yaliyo angavu kuliko yote katika jamii ya nyota kuukuu yana mng'ao unaojulikana, magnitudi halisi (mng'ao wa nyota yenyewe bila kuathiriwa na umbali) ya karibu -4 kwenye mwanga mwekundu wa mwisho. Kwenye galaksi ya Andromeda, miaka ya nuru milioni 2.5 kutoka hapa, nyota hizo zinaonekana kwa magnitudi 20.5 hivi. Ni rahisi. Kwa hiyo mwaka 2001 Ibata na wenzake, wakitumia darubini ya Isaac Newton huko La Palma, walichora ramani ya mahali zilipo nyota hizo kuizunguka Andromeda, na ukajitokeza mkondo mkubwa unaoelekea kusini, ambao hakuna picha ya kawaida iliyouonyesha, ingawa galaksi hiyo imepigwa picha tangu karne ya 19. Baadaye mradi wa PAndAS, kwa darubini ya Canada, Ufaransa na Hawaii, ulipanua ramani hiyo na kuonyesha kwamba Andromeda imezungukwa na mabaki kila upande.

Uzuri wa kuhesabu ni kwamba mwanga wa anga haukusumbui tena kwa namna ileile. Nyota ni nukta. Anga ni zulia. Unaweza kushuka hadi mkondo wenye mng'ao sawa na magnitudi 30 au 31, ambako picha ya utando haifiki. Adui anabadilika: sasa ni galaksi ndogondogo za mbali zinazoonekana kama nukta, na nyota za galaksi yetu zilizo mbele. Hizo huchujwa kwa rangi na mng'ao, kwa sababu majitu mekundu ya umbali mmoja hujipanga kwenye mstari wake kwenye mchoro wa rangi na mng'ao, wageni hawafuati mstari huo.

Kikomo ni umbali. Centaurus A, miaka ya nuru milioni 12 hivi, nyota hizo zimeshafika magnitudi 24. Bado zinahesabika kwa darubini kubwa, na zimehesabiwa, ikiwemo galaksi kibete moja iliyokutwa ikiraruliwa na mikia yake ikiwa wazi. Peleka hesabu hiyohiyo kwenye NGC 5907 na nyota angavu kabisa zinafika magnitudi 27. Kutoka ardhini, kwa eneo pana, hapo hakuna cha kuhesabu. Ndiyo sababu galaksi yako inabaki kwenye upande wa utando, na tabu zote nilizokueleza.

Mara chache njia hizo mbili hukutana, na hapo ndipo roho hutulia. NGC 4449 ni galaksi ndogo isiyo na umbo maalumu, umbali wake unakaribiana na wa Centaurus A. Darubini ndogo zilionyesha utando kando yake, darubini ya Subaru ikaelekezwa palepale, na utando ukapasuka kuwa nyota mojamoja. Kazi hizo zilichapishwa mwaka 2012. Utando unaogeuka kuwa nyota hauna mjadala tena.

Kwa galaksi za mbali zaidi, siku hizi kazi kubwa inafanyika kwenye picha ambazo tayari zipo. Mradi wa DESI Legacy Imaging Surveys ulipiga zaidi ya theluthi moja ya anga kwa darubini za Chile na Arizona, na picha zake zinafika karibu magnitudi 29 zikichakatwa upya kwa uangalifu. Watu huketi na orodha ya mamia ya galaksi na kuzitazama moja baada ya nyingine, zaidi ya jozi moja ya macho kwa kila picha, kila mmoja akiandika maoni yake bila kujua mwenzake ameandika nini. Matokeo yanazunguka kwenye galaksi moja kati ya kumi, wengine hupata zaidi kidogo. Wanaofanya kazi hiyo vizuri huingiza pia mikondo ya uongo, iliyotengenezwa na kompyuta, ndani ya picha za kweli, kisha wanaangalia watazamaji wameikosa mingapi. Bila kipimo hicho huwezi kusema galaksi haina mkondo. Unasema tu hujauona.

Na mwaka 2025 kituo cha darubini cha Vera C. Rubin Observatory huko Chile kilipotoa picha zake za kwanza, watu hawakuchelewa: kando ya M61, galaksi ambayo imejulikana tangu karne ya 18, ulikutwa mkondo wenye urefu unaozidi miaka ya nuru 150,000. Rubin itaendelea na uchunguzi wake kwa miaka kumi.

Kwa hiyo, darubini ndogo ina nafasi? Ipo, ila imehama. Wakati Martínez-Delgado na wenzake walipochapisha mwaka 2010 uchunguzi wao wa galaksi nane kwa darubini za sentimita 10 hadi 50, kulikuwa na galaksi jirani nyingi ambazo hakuna aliyezipiga kwa kina hicho. Sasa chagua galaksi yoyote mashuhuri na huenda picha ya darubini ya mita nne ipo tayari. Unakoweza kuwashinda ni kwenye galaksi pana, zile zinazochukua sehemu kubwa ya anga. Kamera kubwa ina mwanga mwingi lakini vihisi vyake ni vipande vingi vilivyopangwa, kila kimoja na anga lake la kuondoa, na mkondo unaovuka vipande kadhaa mara nyingi hukatwakatwa na kupanguswa. Wewe una kihisi kimoja, lenzi safi, na uvumilivu wa kurudi sehemu moja usiku ishirini. Ningekuwa wewe ningechagua galaksi moja ya jirani, yenye nafasi tupu kuizunguka na isiyo na nyota angavu karibu, nikakaa nayo msimu mzima badala ya kuruka galaksi kumi.

Lakini kwanza maliza hii. Usifute fremu hata moja. Zigawe mafungu mawili, usiku wa kwanza na wa tatu huku, wa pili na wa nne kule, uyachakate kila moja peke yake. Mwombe mtu ambaye hajawahi kuiona picha ile maarufu akuchoree kwa kalamu anachokiona kwenye kila moja, bila wewe kumwelekeza kidole. Kisha geuza kamera nyuzi 90, sogeza darubini kidogo kati ya fremu na fremu, upige usiku mwingine mmoja au miwili. Ukiniletea, niletee fremu ghafi pamoja na flati zake. Ile iliyokolezwa baki nayo wewe; kwa sasa sitaki kuiona, nisije nami nikaanza kukaza macho.